Redio Aingia Msituni

Kwa miaka mingi yule mama alikuwa akitembeza watu msituni, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyethubutu kumkatiza. Wageni walifika getini na makelele yao ya mjini, lakini wakishaingia chini ya miti na kuona kuta za kale zikichungulia katikati ya mizizi, walishusha sauti wenyewe bila kuambiwa. Yeye alitangulia na fimbo yake nyembamba, wao wakafuata. Aliwaonyesha kisima, akawaonyesha misingi ya nyumba za watu waliohama zamani, akawaambia ule mlio ni wa ndege gani na zile nyayo ni za mnyama yupi. Wenzake kazini walimwita Mama Njia, kwa sababu njia zote za pale alikuwa nazo kichwani: ile fupi ya kisimani, ile ya kati inayopita kwenye magofu, na ile ndefu inayozunguka msitu mzima mpaka mtoni.

Kisha mumewe akaacha kazi.

Mumewe alikuwa kinyozi. Duka lake lilikuwa chumba chembamba karibu na soko, lenye kioo kikubwa, kiti cha kuzunguka, na benchi la wanaosubiri zamu. Nusu ya wanaosubiri walikuwa hawasubiri chochote. Vichwa vyao vilikuwa vimeshanyolewa juzi, wamekuja kusikiliza. Jina lake la mtaani lilikuwa Redio. Habari akiianza kwenye kisogo, anaimalizia kwenye kidevu, na mteja akiinuka kabla haijaisha anarudishwa kitini kwa kisingizio cha kupakwa poda.

Halafu mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka. Mwanzoni wateja walijifanya hawaoni. Siku alipomchubua sikio mteja wake wa miaka nenda rudi, mteja akasema, "Si kitu, fundi, endelea tu," lakini fundi hakuendelea. Alizima mashine, akakunja kitambaa, akaenda kumrudishia mwenye nyumba funguo. Mama Njia alipoambiwa habari hiyo aliingia jikoni akalia kidogo, maana alijua lile duka lilikuwa nini kwa mumewe. Hakujua bado kwamba muda si mrefu angelililia kwa sababu nyingine.

Redio akawa wa kushinda nyumbani. Mke akikata kitunguu, mume yuko nyuma ya bega: "Unakikata hivyo?" Akifagia, anaambiwa vumbi linakwenda wapi. Jirani akipiga chafya uani, Redio alikwenda kumpa pole na kurudi baada ya saa nzima. Binti yao, ambaye ni muuguzi, akaja siku moja na kile kipimo chake, akamfunga baba yake mkanda mkononi, akakunja uso.

"Baba, presha imepanda. Unatakiwa utembee. Kila siku, si mara moja moja."

"Atembee wapi?" akauliza mama yake, aliyekuwa anakunja nguo. "Barabara zenyewe hizi, pikipiki zinapita mpaka kwenye miguu ya watu."

Binti akamtazama mama yake kama mtu anayetazama mlango ulio wazi. "Mama, wewe kwani kazi yako ni nini?"

Ndivyo Redio alivyoingia msituni.

Siku ya kwanza alikuwa mtu wa adabu. Alivaa kofia, akafunga kamba za viatu mara mbili, akatembea nyuma ya kundi la mkewe bila kusema neno. Siku ya pili alianza kukohoa. Kilikuwa kikohozi cha mtu mwenye la kusema, na Mama Njia, aliyekisikia tangu siku za uchumba, aliongeza mwendo. Haikusaidia.

Katikati ya magofu kulikuwa na chumba kidogo kisicho na dirisha, mlango wake ukitazama njia, na ndani yake jiwe pana lililoegemezwa ukutani kama kiti. Watafiti walikuwa wamekuja wakachimba, wakapima, wakabishana wenyewe kwa wenyewe, wakaondoka. Mama Njia alikuwa na sentensi moja tu kuhusu chumba hicho, na aliipenda kwa sababu ilikuwa ya kweli.

"Hiki hatujui kilikuwa cha nini," akasema siku hiyo kama siku zote.

"Hamjui?" sauti ikatoka nyuma. "Mbona iko wazi? Hapa palikuwa kwa kinyozi."

Wageni wote wakageuka. Redio alishapita mbele, kofia mkononi.

"Tazameni mlango. Kwa nini utazame njia? Kinyozi lazima aone nani anapita, amwite. Tazameni jiwe. Mteja anakaa hapa, mgongo ukutani. Mwanga unaingia kutoka huku, unampiga shavuni. Mimi nimenyoa watu maisha yangu yote. Mkinifunga macho mkanileta humu, nitawaambia niko dukani."

Wakacheka, wakatoa simu, wakampiga picha. Mama mmoja akauliza kama huyo kinyozi alikuwa na wembe wa namna gani, na Redio akamjibu. Mama Njia alisimama pembeni na fimbo yake, akitazama kundi lake likimtoka mikononi mchana kweupe.

Walipofika nyumbani hakungoja hata kuvua viatu.

"Baba Watoto, umeniaibisha mbele ya wageni."

"Nimekuaibishaje? Watu wamefurahi."

"Umewadanganya."

"Una ushahidi kwamba hapakuwa kwa kinyozi?"

Hakuwa nao. Hakuna aliyekuwa nao. Alichukua sufuria, akaifunika kwa kishindo mpaka paka akatoka nje.

Kuanzia hapo habari ikawa inanenepa. Wiki ya kwanza kinyozi wa kale alikuwa kinyozi tu. Wiki ya pili alikuwa na kigugumizi. Baadaye akapata mama mkwe aliyekuja kila asubuhi kumkagua, na mpinzani wa ng'ambo ya kisima aliyekuwa akimwibia wateja. Mama Njia alimkataza mumewe, akamsihi, akamtishia. Redio alikubali kila kitu. Kila asubuhi aliapa kwamba leo atanyamaza, na kila asubuhi wakifika kwenye kile chumba, kikohozi.

"Nilitaka kunyamaza," alimwambia jioni moja, akijitetea. "Lakini wewe unasema 'hatujui' halafu unaondoka. Unawaacha watu wamesimama na midomo wazi. Hivyo sivyo, Mama Watoto. Mtu akilipa tiketi hawezi kuambiwa hatujui."

"Kama hatujui tuseme nini?"

"Kitu chochote!"

Mambo yakafika mpaka getini. Karani wa tiketi, kijana mcheshi aliyemwita Redio shemeji kwa sababu alimhesabu Mama Njia kuwa dada yake, akaanza kuuliza kila asubuhi, "Dada, shemeji leo anakuja? Kuna watu wanamuulizia." Wageni walikuja wakitaka waonyeshwe chumba cha kinyozi kwanza, kisima baadaye. Mti ule mkubwa uliokumbatia ukuta kwa mizizi, ambao Mama Njia aliupenda kuliko kitu chochote katika msitu ule, walikuwa wakiupita kama nguzo ya umeme.

Ndipo mkuu wa kituo akamwita ofisini. Alikuwa mtu mpole, shati limepigwa pasi, aliyeletwa pale mwaka uliopita na aliyetaka sana wageni waongezeke.

"Mama, nimekuwa nikifikiria. Kwa nini tusiweke kibao pale kwenye chumba cha kinyozi?"

"Chumba cha nani?"

"Cha... kile chumba. Tunaandika kwa tahadhari tu. Inasadikiwa kuwa hapa palikuwa..."

"Inasadikiwa na nani?" Mama Njia alijisikia sauti yake ikipanda na hakuishusha. "Na mume wangu? Mkuu, mume wangu anasadiki pia kwamba akilala upande wa kushoto mvua hainyeshi. Nayo tuiandikie kibao?"

"Watu wanapenda, Mama."

Alitoka ofisini akachukua ufagio, akaifagia njia ya kisimani yote, majani makavu na mabichi, ingawa haikuwa zamu yake na hakuna aliyemtuma. Waliopishana naye hawakumsalimia mara mbili.

Siku yenyewe iliyoharibu mambo lilikuja kundi kubwa la watu wa familia moja, mashangazi na wajomba na watoto, wamevaa fulana za rangi moja. Njia ilikuwa nyembamba na wao walikuwa wengi. Mama Njia akatangulia na nusu yao mpaka kwenye mti wake. Nusu nyingine ilibaki nyuma na Redio. Mama Njia alijua kosa alilolifanya mara tu alipogeuka asimwone mumewe, lakini shangazi mmoja alikuwa ameshamshika mkono anamuuliza habari za mizizi, na kwa siku nyingi hakuna aliyemuuliza habari za mizizi.

Kule nyuma, mjomba mmoja mnene alitaka picha. Redio akamkaribisha.

"Kaa hapo, mjomba. Leo nakunyoa kama walivyonyolewa wenyeji."

Sheria za pale zilikuwa chache, na ya kwanza ilikuwa kwamba hakuna kukaa wala kuegemea ukuta wowote. Redio aliijua, kwa sababu alimsikia mkewe akiitamka kila siku. Mjomba akakaa juu ya lile jiwe. Redio akasimama pembeni yake, mkono juu kama aliyeshika wembe. Simu zikainuliwa. Mjomba, ili picha ipendeze, akarudisha kichwa nyuma na kujinyoosha kama mtu anayengoja povu, akauegemea ukuta kwa uzito wake wote.

Ukuta ukamwagika. Haukuanguka kwa kishindo kikubwa. Ulimwagika tu, jiwe juu ya jiwe, nyuma yake na ubavuni mwake, mpaka mahali palipokuwa na ukuta pakaonekana vichaka. Mawe yaliyokuwa yamekaa vile tangu kabla ya babu za babu zao yakalala chini, na vumbi jeupe likampaka mjomba kuanzia upara mpaka viatu. Hakuumia. Alikaa pale pale, macho yamemtoka, mtoto mmoja akaanza kulia na mwingine akaanza kucheka.

Mama Njia alikuja mbio. Aliona mawe, akaona mjomba, akaona mumewe amesimama, mkono bado uko juu.

"Sema sasa," akamwambia.

Redio aliushusha mkono, akaokota jiwe moja, akalirudisha chini.

Mama Njia aliwatoa wageni wote kwanza, mmoja mmoja, kwa sauti ya upole iliyomgharimu sana. Alimpangusa mjomba mabega, akamwambia hana hatia kubwa, akawafikisha mpaka getini. Kisha akageuka kuelekea ofisini. Redio alimfuata nyuma.

"Mama Watoto. Unakwenda kusema nini?"

"Nitasema ilivyokuwa."

"Utanitaja?"

"Sasa nimtaje nani? Nyani?"

Alitembea haraka, na njiani alikuwa akipanga maneno yake. Angeanza na wajibu wake yeye, kwamba kundi lilikuwa lake na hakupaswa kuliacha ligawanyike. Halafu angeeleza mengine. Alishika kitasa cha mlango, akavuta pumzi, na kabla hajaimaliza ile pumzi mumewe akampita, akaingia, akavua kofia mbele ya mkuu wa kituo.

"Ni mimi. Nimemkalisha mtu kwenye ule ukuta na ukuta umeanguka. Mke wangu alikuwa mbele, hakuona. Alinikataza tangu siku ya kwanza."

Basi. Ilikuwa habari fupi kuliko zote alizowahi kusimulia. Mama Njia alisimama mlangoni na maneno yake yote aliyoyapanga, hana pa kuyapeleka. Hata hapo alikuwa amemkatiza.

Mkuu wa kituo, ambaye hakutaka mtu akumbuke habari ya kibao, alikuwa mpole zaidi kuliko walivyotarajia. Chumba kikazungushiwa kamba. Watafiti wakapigiwa simu, wakaahidi kuleta mafundi wanaojua kurudisha mawe ya kale mahali pake. Na Redio akaambiwa kwamba asionekane tena na kundi la wageni. Akitaka kutembea kwa ajili ya presha yake, atembee peke yake, njia ndefu ya mtoni, ambako hakuna ukuta hata mmoja wa kuegemea.

Nyumbani Redio akanyamaza. Mama Njia, ambaye alikuwa ameuota ukimya huo kwa miezi, aliufurahia siku ya kwanza na ya pili. Alikula akisikia kijiko chake mwenyewe. Siku zilizofuata ulianza kumkera.

"Chai imekolea?"

"Sawa."

"Mwanao amepiga simu, anakuja Jumapili."

"Sawa."

"Nimekuambia mwanao anakuja, wewe unasema sawa? Huulizi anakuja na nani, anakuja saa ngapi?"

"Anakuja saa ngapi?"

Mama Njia akaweka kikombe chini. "Sijui!" akasema, akatoka nje, na huko nje hakuwa na la kufanya, akarudi ndani.

Alimpigia binti yake kumlalamikia. Binti akacheka mpaka ikabidi aombe radhi. "Mama, akisema tatizo, akinyamaza tatizo. Sasa nimwandikie dawa gani?"

Alasiri moja, geti lilipokaribia kufungwa, Redio alikuwa bado hajarudi kutoka njia ndefu. Karani wa tiketi alitaka kwenda kumtafuta. Mama Njia akamzuia, akachukua fimbo yake, akaingia msituni akinung'unika. Mtu mzima. Njia yenyewe ina mishale. Mishale nimeipaka rangi mimi mwenyewe. Aliyasema hayo kwa sauti, na kima mmoja juu ya mti akamtazama kwa makini mpaka alipopita.

Alimkuta njia panda karibu na mto, ameketi juu ya gogo, kiatu kimoja mkononi, akitazama siafu wanaovuka njia.

"Umepotea."

"Sijapotea. Nimepumzika."

"Kutoka hapa unaelekea wapi?"

Redio akanyoosha kidole. Alikuwa anaonyesha mtoni.

"Mshale unaonyesha kulia, Baba Watoto! Mkubwa hivi, mwekundu!"

"Niliufuata."

"Uliufuata vipi na wewe umetokea huku?"

Redio alishindwa kuvaa kiatu. Mkono haukumtii kwenye kamba. Mama Njia alimwangalia akihangaika, akaona hasira yake haina pa kukaa, akainama akamfunga kamba ile kwa nguvu mpaka mzee akaguna. Wakaanza kurudi. Njia ilikuwa nyembamba, yeye mbele, mumewe nyuma, majani yakilia chini ya miguu yao. Walikuwa wametembea kitambo ndipo Redio akakohoa.

"Nikuulize kitu?"

"Uliza, kwani nikikataa utaacha?"

"Kile chumba. Unadhani kilikuwa cha nini?"

"Hatujui."

"Sikuwauliza nyinyi. Nimekuuliza wewe."

Mama Njia aliendelea kutembea. Miaka yote hiyo wageni walimuuliza watafiti walisema nini, vitabu vilisema nini. Na kwa sababu alikuwa amechoka, na kwa sababu hakuna aliyekuwa anawasikia, akasema.

"Zile nyumba zilikuwa zimebanana. Umeona mwenyewe, ukuta mmoja watu wa nyumba mbili. Ukikohoa huku unaambiwa pole kule. Mimi nadhani kulikuwa na mwanamke aliyechoka na makelele, akasema, nijengeeni kichumba changu. Hakina dirisha ili asichunguliwe. Anakaa kwenye jiwe lake, anatazama watu wanapita, hakuna wa kumuuliza kitu."

Redio akaongeza mwendo, akamkaribia mgongoni. Kisha: "Alikuwa na mume mwenye maneno?"

"Alikuwa na mume mwenye maneno kupita kiasi."

Redio alicheka. Alicheka mpaka ikabidi ashike mti, akakohoa kikohozi cha kweli, machozi yakamtoka. Mama Njia alisimama kumngoja, amekunja uso, na alipogeuka tena mbele tabasamu likamponyoka, akaliacha kwa kuwa mzee hakuweza kuliona. Kutoka hapo mpaka getini Redio aliongea njia nzima, siafu, gogo, mshale uliomdanganya, na mkewe akamjibu kila mara kwamba mshale haudanganyi mtu.

Baada ya siku chache mawe yalikuwa bado chini, mafundi bado wanaahidiwa. Mama Njia alifika kwenye kamba na kundi dogo la wanawake, akaanza kueleza kwa nini pamefungwa. Mmoja wao akainua mkono.

"Samahani, mama. Ndiyo hapa alipokuwa anajificha yule mke?"

Mama Njia akafumba macho. "Mke yupi?"

"Yule aliyechoshwa na mume wake. Tumeambiwa alikuwa anakaa humu mpaka jioni, na mume akija anajifanya hayupo."

"Nani kawaambia?"

"Baba mmoja tuliyepishana naye kule mtoni. Mwenye kofia. Ametusindikiza kidogo, mtu mzuri sana."

Alifumbua macho, akawaambia ukweli: kwamba hiki hatujui kilikuwa cha nini, kwamba watafiti hawakukubaliana, na kwamba yule baba anatakiwa atembee bila kuongea kwa amri ya ofisi. Wakaitikia kwa vichwa, lakini walikuwa wameshaisogelea ile kamba, wakikitazama kile chumba kidogo kilichobomoka. Mmoja, aliyekuwa na mtoto mgongoni na mwingine mkononi, akasema angekipata cha namna hiyo angekikubali hata bila paa. Wenzake wakapiga makofi.

"Msiegemee kamba," akasema Mama Njia, na akawapeleka kwenye mti.